Oksimita ya kidoleni: inachopima na isichokiona katika sepsisi

Oksimita ndogo za kubana kidoleni, zinazotumia betri mbili ndogo, sasa zinauzwa katika maduka mengi ya dawa, na watu huzinunua ili kumwangalia mgonjwa nyumbani. Ninayoitathmini hapa ni ya kawaida: kioo chake huonyesha asilimia ya oksijeni, mapigo ya moyo na mawimbi ya mshipa. Kwa kazi iliyotengenezewa inafaa, lakini haifai kuachiwa peke yake uamuzi kwamba mgonjwa mwenye maambukizi makali yuko salama.

Ufundi wake ulibuniwa Japani na mhandisi Takuo Aoyagi, aliyeuwasilisha mwaka 1974. Mwanga mwekundu na wa infraredi hupita kidoleni, na kwa kuwa hemoglobini (protini ya damu inayosafirisha oksijeni) iliyobeba oksijeni hufyonza mianga hiyo tofauti na isiyobeba, kifaa hukokotoa asilimia yake. Mbali na mapigo ya moyo, hakipimi zaidi ya hapo.

Seli zina mfumo wao wa kuhisi oksijeni, ambao uchunguzi wake uliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Oksijeni ikitosha, vimeng'enya maalumu huitia alama protini iitwayo HIF ili ivunjwe. Ikipungua, HIF husalia, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi. Katika sepsisi, yaani hali ambayo mwili hudhuru viungo vyake wenyewe unapopambana na maambukizi, sumu za bakteria zaweza kuipandisha HIF-1, aina mojawapo ya HIF, hata pale oksijeni inapotosha. Ndani ya baadhi ya seli za kinga huchochea uvimbe, ilhali katika seli zinazotanda vifuko vya hewa vya mapafu, majaribio ya panya yameonyesha kwamba hulinda kwa kuzisaidia kutumia sukari vizuri zaidi. Kwa hiyo kuizima au kuiwasha mwili mzima kwa dawa si jambo jepesi.

Mvutano huo hauonekani kwenye kioo cha oksimita. Zaidi ya hayo, hemoglobini hung'ang'ania oksijeni: shinikizo la oksijeni katika damu laweza kushuka kutoka takriban milimita 100 za zebaki hadi 60, na namba ikashuka tu kutoka 97 au 98 hadi karibu 90. Mapafu huwa yameharibika kiasi kabla familia haijashtuka, na mgonjwa akiwa tayari anapewa oksijeni, namba hudanganya zaidi.

Kasoro inayotuhusu moja kwa moja ni ya rangi ya ngozi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba, kati ya vipimo vilivyosomeka 92 hadi 96, asilimia 11.7 kwa wagonjwa weusi vilificha kiwango halisi kilicho chini ya 88, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe.

Hata hivyo siwezi kukidharau kifaa hiki. Mwaka 2016, watafiti waliofanya kazi katika hospitali jijini Kigali walichapisha vigezo vya jeraha kali la mapafu vinavyotumia oksimita badala ya kipimo cha gesi za damu ya ateri, ambacho hospitali nyingi hazina, na fasili ya kimataifa iliyofuata nayo imekubali njia hiyo.

Anayenunua achague yenye mawimbi, kwa sababu namba isiyoambatana na mawimbi yaliyo sawasawa haiaminiki. Rangi ya kucha iondolewe, kidole chenye piko kiepukwe, mkono upashwe joto, na namba iachwe itulie. Ikirukaruka au kupotea kwa mgonjwa mwenye homa na vidole vya baridi, huenda damu haifiki vidoleni, na hiyo ni dalili ya hatari. Mtu mzima mwenye maambukizi anayepumua mara 22 au zaidi kwa dakika, au aliyeanza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali hata kama kioo kinasoma 97.