14 au 9: seva ya gRPC ijibu nini?
Waandika programu wa hapa Dodoma hawaishi kubishana: ombi la gRPC (njia ya programu kuitana kupitia mtandao) likikwama, seva irudishe msimbo wa hitilafu 14 au 9?

Chukua mfumo wa kupokea mahindi soko la Kibaigwa. Seva isipopatikana, 14 (UNAVAILABLE) humwambia mteja (programu iliyotuma ombi) asubiri kidogo ajaribu tena, na kila mara arefushe kusubiri. Karani hasumbuki, programu inarudia yenyewe. Ila kuna mtego: huenda gunia lilishaandikwa, jibu ndilo likapotea njiani; ukirudia, linahesabiwa mara mbili. Bila namba ya kipekee kwa kila muamala, mimi siruhusu kurudia.

9 (FAILED_PRECONDITION) ni ya sharti la awali ambalo halijatimia, mfano mzigo ambao haujapimwa. Hata ukirudia mara mia ni kazi bure, kwanza mizani. Inaokoa bando, lakini matunzo yake yanachosha: maktaba ya gRPC haiitoi yenyewe, kila sharti unaliandika wewe, na ujumbe unaoeleweka juu. 14 huja hata hujaiita.

Hitilafu ikiweza kupita yenyewe, 14. Ikihitaji mkono wa mtu, 9. Makarani wawili wakigongana kwenye rekodi moja? Hapo chungulia 10 (ABORTED), ya kazi iliyokatishwa kwa mgongano.