Uzoefu Wangu na Seti ya Mabamba ya Alumini: Boti ya Mita 5 Niliyoichomelea Uani

Seti niliyoinunua ni ya boti ya mita 5 yenye tumbo la umbo la V, nayo ilifika nyumbani kwangu Mishomoroni, Mombasa, ndani ya kreti moja la mbao, bapa kama mlango uliolazwa chini. Mlikuwa na mabamba ya alumini yaliyokwisha kukatwa kwa mashine inayoongozwa na kompyuta: ya milimita 4 kwa ajili ya tumbo, ya milimita 3 kwa ajili ya mbavu, mataruma, yaani mifupa ya ndani ya boti, yenye matundu ya kupitishia ngama (maji yanayojikusanya chini ya chombo), na shetri, yaani bamba la nyuma, nene zaidi ya kubeba injini ya kupachika. Muuzaji ni kampuni ya ng'ambo ambayo sitaitaja, kwa kuwa nina malalamiko dhidi yake yasiyofuta sifa za bidhaa yenyewe.

Nianze na sifa. Ukataji ulikuwa safi kupita nilivyotarajia, kiasi kwamba taruma la kwanza nilipolisimamisha juu ya bamba la tumbo, ulimi wake uliingia kwenye tundu lake bila kugongwa nyundo wala kupigwa tupa. Umbo zima la boti nililishikiza kwa nukta za weldingi kwa siku 3, mimi na kijana mmoja wa kunisaidia, kazi ambayo kwa kupima na kukata mwenyewe ingenichukua wiki kadhaa na mabamba mawili matatu ya kuharibu. Alumini yenyewe ni ya daraja la 5083, iliyochanganywa na magnesiamu, na hiyo ndiyo inayostahili maji ya chumvi. Nalisema hili kwa sababu fundi mmoja wa madirisha alinishauri kwa nia njema nitumie alumini yake ya fremu, ambayo aghalabu ni ya daraja la 6063 na hulegea sana pale inapopitiwa na moto wa kuchomelea. Dirisha likilegea hutapata ajali. Shetri ikilegea, utaitafuta injini chini ya bahari.

Lalamiko langu la kwanza ni ufungaji. Mabamba yalipangwa moja juu ya jingine bila karatasi wala chochote katikati, unyevu ukaingia safarini na kukwama baina yao, na nilipoyatenganisha nilikuta madoa ya kijivu na meupe yametapakaa kama chokaa iliyomwagika. Madoa hayo hayakuwa yamelila bamba kwa kina, lakini kuyasugua kulinipotezea siku mbili. Muuzaji alinijibu kwamba ni suala la mwonekano tu. Si kweli, kwa sababu utando huo ukibaki kwenye mstari wa kuchomelea, weldingi haishiki vizuri.

Lalamiko la pili ni zito zaidi. Kitabu cha maelezo kina kurasa nyingi za namna ya kusimamisha vipande, halafu kwenye uchomeleaji kinasema tu kwamba kazi ifanywe na mtu mwenye ujuzi. Mimi nilikuwa na ujuzi wa kuchomelea mageti ya chuma, nikadhani unatosha. Alumini ni kitu kingine kabisa. Chuma hukuonya kwa kuwa chekundu kabla ya kuyeyuka, ilhali alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi bila kubadilika rangi, na unachokiona ni tundu pale palipokuwa na bamba. Juu yake kuna utando wa oksidi unaoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, kwa hiyo usipousugua kabla ya kuwasha moto, chini kutayeyuka na juu kutabaki na ngozi ngumu inayojikunjia ndani ya weldingi. Niliazimia brashi ya waya wa stenlesi isiguse kitu kingine chochote isipokuwa alumini, nikafuta mafuta kwa asetoni kwanza na kupiga brashi baadaye, kwa sababu ukianza na brashi unayasambaza mafuta badala ya kuyaondoa.

Mashine niliyotumia ni ya waya, kwa stima ya kawaida ya nyumbani ya volti 240, pamoja na bunduki inayobeba gurudumu lake dogo la waya juu ya mkono. Bunduki hiyo si anasa. Waya wa alumini ni laini, na ukiusukuma kutoka kwenye mashine kupitia mpira wa mita 3 hujikunja na kufungamana kabla ya kufika. Nilitumia waya wa daraja la 5356 wenye unene wa milimita 1 na gesi ya agoni tupu, kwani ile iliyochanganywa na kaboni dioksidi, inayotumiwa kwenye chuma, huharibu kazi yote.

Hapa ndipo pwani yetu iliponifundisha adabu. Nilianza katikati ya msimu wa kusi, na upepo uliokuwa ukipanda kutoka mkono wa bahari wa Tudor ulikuwa ukiipeperusha gesi kabla haijafunika moto. Kwa nje mstari wangu wa kwanza wa tumboni ulionekana mzuri, umejipanga kama magamba ya samaki, lakini nilipoupasua kwa grainda ili nijiridhishe, ndani mlikuwa na vitundu vidogo vidogo kama mkate wa kumimina. Niliukata wote, zaidi ya mita 2. Tangu siku hiyo nilizungushia boti turubai pande tatu, nikaongeza gesi hadi lita 20 kwa dakika, na nikawa naanza kazi saa tatu asubuhi, baada ya jua kukausha umande juu ya mabamba. Jioni sikuchomelea kabisa, maana majirani wanapowasha vyombo vyao umeme hushuka na moto hutetemeka. Gesi ilinimalizia mitungi 3, ilhali nilikadiria mmoja.

Joto nalo lina hila zake. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na bamba la ubavu nililolichomelea mfululizo kutoka omo, yaani mbele ya boti, hadi katikati lilifura kama tumbo la chewa. Dawa yake ni kuchomelea vipande vya urefu wa kiganja, kushoto kisha kulia, mbele kisha nyuma, ukiacha kila kimoja kipoe. Mfuro ule haukuondoka wote. Ukisimama upande wa kushoto wakati jua linatua utauona.

Kabla ya kuishua, yaani kuishusha majini, niliijaribu kwa njia ya zamani ya mafundi wa matangi: nilipaka chokaa nje ya kila kiungo, nikaiacha ikauke, kisha nikapaka mafuta ya taa kwa ndani. Baada ya nusu saa palitokea alama 4 za unyevu, tatu zikiwa chini ya mkuku (uti wa mgongo wa boti) mahali nilipoanzia na kuishia weldingi. Nilisafisha, nikakata, nikarudia.

Mzee mmoja wa mtaani, aliyeunda mashua za mbao maisha yake yote, alikuja akaigonga kwa kiungo cha kidole.

"Mwanangu, chombo hiki chalia kama sufuria," alisema.

"Ni kweli, mzee, lakini hakihitaji kalafati ya kuziba nyufa za mbao."

Alicheka, akaniuliza nitapaka nini chini badala ya sifa, yale mafuta ya papa, na shahamu. Swali lake lilikuwa la maana, kwa kuwa rangi nyingi za kuzuia viumbe wa baharini zina shaba, na shaba ikikutana na alumini ndani ya maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Nilipaka ile isiyo na shaba na kufunga vipande vya zinki shetrini, viliwe badala ya alumini. Kwa sababu hiyo hiyo, usiache hata kipande cha waya wa stima ndani ya ngama.

Tuliibeba watu 8 hadi majini wakati wa bamvua, maji yalipojaa sana, na ikaelea sawa bila kuegemea upande. Kwa anayejua kuchomelea alumini, au aliye tayari kulipa fundi anayejua, seti hii naipa nyota 4 kati ya 5. Kwa mwanzilishi ni nyota 2, na nusu ya hizo ni za ukataji. Tena kuna jambo ambalo kitabu hakikulitaja popote: ikifika saa saba mchana sitaha haikanyagiki bila viatu, nami sasa husafiri na mkeka mkuukuu na kata ya kuumwagia maji.