Kutwa kwa miguu ufukoni mwa Bugala: kijana nampa tano, boti naipa moja

Nianze na bei ya matembezi haya ya kisiwa cha Bugala, Ziwa Victoria upande wa Uganda, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 70,000 kwa kichwa: mwongozaji ndani, chakula cha mchana ndani, boti ya kurudi ndani. Tulikuwa wawili, mimi na binti yangu wa pili, na yeye ndiye aliyelipa, baada ya daktari kuniambia kwamba sukari haishuki kwa kukaa dukani Masaka kuuza matairi. Kwenye simu tuliambiwa ni matembezi mepesi, masaa manne hivi, kando ya ziwa. Tumetembea masaa manane na dakika kumi. Binti alipima kwenye simu yake, kwa hiyo wasinibishie.

Kufika Kalangala, mji wa kisiwani humo, si kazi. Sisi wa Masaka tunashuka Bukakata, tunavuka na feri hadi Luku bila nauli, halafu taksi mpaka mjini. Wa Kampala wana meli ya Nakiwogo, pale Entebbe, inayotoka saa nane mchana. Vyovyote vile utalala, maana safari ya miguu inaanza saa moja asubuhi Lutoboka.

Kijana wetu, yaani mwongozaji, alitukuta pale amevaa gambuti, ana panga kiunoni na mfuko mgongoni. Akaniangalia miguuni kabla ya usoni. "Mzee, hivi ni vya kanisani." Akasema ana gambuti za kukodi, elfu tano. Nikakataa. Mimi, ambaye kila siku nawagombeza madereva wasiende safari na tairi kipara, nikaingia njiani na viatu ambavyo soli yake ni laini kama kiganja. Hili sikulaumu kampuni.

Saa ya kwanza ni mchanga, unatembea kama bwana harusi. Baadaye ziwa linakunyang'anya njia. Mnakumbuka mwaka 2020 maji yalivyopanda, mpaka hoteli za ufukoni zikaingia majini? Maji yale yamewaachia alama. Tulipita mahali penye ngazi za saruji zinazoshuka, moja, mbili, tatu, ya nne iko chini ya maji, na ya tatu amekaa mdiria anavizia samaki. Nyumba yenyewe haipo. Kijana alisema njia yake ya zamani ilipita mbele ya ngazi hizo. Sasa watu wamepandisha njia juu, kwenye mteremko wa msitu, na unachokanyaga si ardhi bali mizizi. Mkono mmoja umeshika mti, mwingine umeshika fimbo, na macho yako kwenye dole gumba.

Halafu mawe. Kuna kipande ambacho msitu umebana sana, basi lazima ushuke na kupita juu ya miamba yenyewe, mawimbi yakikupigia vifundoni. Kwa mbali niliyaona makavu. Nilipoinama nikaona utando wa kijani, mwembamba kama ule wa ndani ya mtungi wa maji uliosahaulika. Kijana alikanyaga kwanza, akasimama, akaninyooshea fimbo, si mkono. Nikamuuliza kwa nini. "Nikikupa mkono, mzee, ukianguka tunaanguka wawili. Fimbo naiachia." Binti alicheka mpaka akalazimika kukaa. Mimi sikucheka wakati ule, lakini nimemwongezea alama kwa jibu hilo. Kila jiwe alilijua: hili linacheza, lile kanyaga katikati, hili usiliguse. Kipande chenyewe hakizidi mita mia tatu na kilitumeza karibu saa nzima.

Msituni nilitegemea nyani wa vurugu, nikakuta tumbili wenye adabu na mahondohondo wanaopiga mabawa kama mtu anayekung'uta turubai. Hapo kijana alitusimulia habari ya malale. Mwaka 1909 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa Ssese, yaani visiwa hivi, Bugala kikiwemo, kwa sababu ya ugonjwa huo unaoletwa na mbung'o, visiwa vikabaki vitupu kwa miaka. Nilijua kwamba malale iliua watu wengi sana huku kwetu, lakini kusikia ukiwa umesimama ndani ya msitu mnene, na kijana anakuambia inawezekana hapa palikuwa na migomba ya mtu, ni jambo lingine. Hakupiga hotuba. Alisema, akanywa maji, tukaendelea.

Saa saba tukatokea kwenye mwalo mdogo. Mimi ni mtoto wa kambi, baba alikuwa askari, Kiswahili ndicho nilicholelewa nacho, na kijana naye huzungumza Kiswahili na wavuvi wa kila kabila. Basi tukawa tunashuka kilima tunabishana kwa sauti habari ya mpira. Nikaona vijana watatu wameacha beseni wakapotelea nyuma ya vibanda. Mama mmoja aliyekuwa anageuza mukene, yaani dagaa, kwenye nyavu akabaki amesimama, mikono imejaa mchanga. Kumbe walidhani sisi ni wanajeshi. Mwaka 2017 jeshi lilianza kusaka uvuvi haramu ziwani, na sangara asiyefika sentimita 50 ni kesi, kwa hiyo Kiswahili, ambacho huku ni lugha ya askari, kikishuka kilimani watu hawangoji kuona sare. Kijana akapaza sauti kwa Luganda, "Bagenyi!", yaani wageni, na wale watatu wakarudi mmoja mmoja wakitabasamu kwa aibu. Sikuuliza kwenye beseni kulikuwa na nini.

Chakula "ndani" kilikuwa chapati moja na yai la kuchemsha kwa kila mtu. Kwa 70,000! Nilimwomba mama yule wa mukene atupikie, akatuletea ngege wa kukaanga na posho, yaani ugali, elfu nane sahani, samaki mkia umetoka nje ya sahani. Kaloli wawili, wale ndege wakubwa wala mizoga, walisimama pembeni kama wapelelezi mpaka tukawatupia mifupa. Ushauri wangu: chapati mpeni kijana, nyinyi mle mwaloni.

Baada ya hapo njia inaacha ziwa na kupita kwenye michikichi. Mistari iliyonyooka, jua la utosi, hakuna ndege, hakuna upepo. Saa moja na nusu ya hiyo. Wangeikata ningewaombea dua.

Sasa boti. Tulikuwa watano pamoja na nahodha na msaidizi wake, na laifu jaketi zilikuwa mbili. Moja zipu yake imekufa, imefungwa kwa kamba ya katani. Saa kumi jioni, upepo umeshaanza, mawimbi yana vichwa vyeupe. Nahodha akaniambia, "Mzee, ziwa limetulia." Nikamwambia macho yangu yana sukari lakini hayajapofuka. Nikakaa kwenye gogo. Kijana hakubishana nami hata kidogo, alizunguka mwaloni akaazima jaketi tatu kutoka boti nyingine, akarudi na jasho, dakika arobaini. Nilipanda nazo zikiwa zimevaliwa zote, nahodha pia. Ofisini waliniambia wataongeza jaketi. Nimepiga simu mara mbili tangu hapo, wanasema zimeagizwa. Hili si la kuagiza. Madukani Masaka zipo.

Kwa hiyo: kijana tano kati ya tano, na hapo ni kwa sababu hakuna sita. Njia yenyewe nne, michikichi ndiyo imekula moja. Chakula mbili. Boti moja, na hiyo moja ni ya wenye jaketi za kuazima. Ukienda, hesabu jaketi kabla hujalipa, siyo ukiwa ufukoni. Usiogelee hata joto likuzidi, kichocho kiko ziwani. Na ile elfu tano ya gambuti, toa. Ukucha wa dole gumba langu la kulia ulikuwa mweusi wiki nzima, na Jumatatu umebaki ndani ya soksi.