Toyota Yaris mpya: kabla hujalipia, kaa siti ya nyuma

Haya watu wangu, karibuni tena. Leo sianzi na boneti wala taa, naanzia huku siti ya nyuma. Sogeza kamera hapa. Mnaona magoti yangu yalipofika? Na mimi si mrefu, mnanijua. Halafu angalieni dirisha: limeanza pana pale mbele, likazidi kuwa jembamba kadiri linavyokuja huku, hadi mtoto aliyekaa kwenye kiti chake ataangalia plastiki ya mlango safari nzima. Hilo liwekeni akiba, tutalirudia.

Gari ni Toyota Yaris iliyoanza kuuzwa Japani Februari 2020. Kwa wanaochanganywa na jina, hii ndiyo Vitz. Tangu 1999 Wajapani waliiita Vitz nyumbani, ikivuka bahari inaitwa Yaris. Toleo hili la nne walipolileta, jina la Vitz wakalizika hata huko kwao. Kwa hiyo mtu akikutangazia "Vitz ya 2021", mwombe chasi namba.

Na kwa nini tunalizungumza sasa? Kwa sababu zamu yake imefika. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo wenzetu wa Nairobi na Mombasa Vitz zinawaponyoka mkononi mwaka hadi mwaka. Sisi Tanzania kuukuu unaruhusiwa kuleta, ila kodi ya uchakavu itakukumbusha umri wake pale bandarini.

Sasa nihamie mbele. Ahaa! Hapa ni habari nyingine kabisa. Vitz ulikuwa unakaa kama uko kwenye stuli, usukani uko chini, unaangalia barabara kama askari wa trafiki. Huku siti imeshushwa, usukani unakuja kifuani, miguu inanyooka. Chasi ni mpya, ile wanayoiita GA-B, na umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma umeongezeka kutoka milimita 2510 hadi 2550. Utajiuliza, sentimita 4 zimeongezeka, mbona nyuma kumebana? Zimekwenda kwa dereva, ndugu yangu. Zimekwenda kwenye namna gari linavyoshika barabara. Nimelitoa Mwenge hadi Posta hapa Dar, nikalirudisha usiku barabara ikiwa nyeupe, na kona linakata bila kulala upande kama Vitz. Tuta ukilikosea unasikia "pu" moja, basi, hakuna kuyumbayumba baadaye.

Upande wa injini ndiko watu wanapotapeliwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Zipo tatu, na zote ni plagi tatu, yaani silinda tatu. Chasi namba ikianza na KSP210, hiyo ni cc 996, injini ileile ya 1KR uliyoijua kwenye Vitz, nguvu za farasi 69. Bodi mpya, moyo wa zamani. Fundi wako anaijua gizani, spea Kariakoo zimejaa, lakini ukipakia watu wanne ukaanza kupanda mlima, utazima AC mwenyewe bila kuambiwa. MXPA10 ni cc 1490, injini mpya kabisa, farasi 120, wakati Vitz ya cc 1500 ilikuwa na 109. Gia yake ni CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, ila wameiwekea gia ya kawaida ya kuondokea, ndiyo maana ukikanyaga linaondoka palepale badala ya kulalamika kwanza. Hiyo ndiyo ninayoendesha leo. Asubuhi ikiwa baridi inatetemeka kidogo, plagi tatu ni plagi tatu.

Ya tatu ni MXPH10, haibridi, yaani injini ya petroli inayosaidiana na mota ya umeme. Japani ile nyepesi kuliko zote waliipima kilomita 36 kwa lita. Vipimo vya maabara hivyo, lakini foleni ya Ubungo ndiyo uwanja wa nyumbani wa haibridi: gari limesimama, injini imezima, unasogea kwa betri.

Ila sikilizeni. Injini hizi mpya zinataka oili nyepesi, namba kama 0W-16. Fundi akikujia na dumu la 20W-50 akisema "hii ndiyo nzito, inalinda", mshukuru, funga boneti, ondoka. Namaanisha.

Haya, vitu vidogo vinavyoudhi. Skrini inazungumza Kijapani, na redio ni ya masafa ya Japani, kwa hiyo utahitaji konveta ili upate stesheni zetu za juu. Sehemu ya CD haipo, mzee na CD zake za taarabu atavumilia. Nyanyua kapeti la buti: nyingi zinakuja bila spea tairi, una pampu ndogo na kichupa cha gundi. Kwa safari ya Dodoma usiku mimi siitaki gundi, natafuta tairi. Na hapo juu ya kioo cha mbele kuna kamera, ndiyo inayosaidia gari kufunga breki lenyewe. Kioo kikipasuka, usibandike tu kingine, kamera lazima ipangwe upya.

Handbreki bado ni ya kuvuta kwa mkono. Nimefurahi kupita kiasi kwa jambo dogo hivyo, lakini nimefurahi.

Kwa hiyo ninunue? Ukiwa peke yako au wawili, chukua MXPA10 au haibridi, utalipenda kuliko Vitz yoyote. Ukiwa na watoto watatu na mama mkwe anayekuja kutoka Tanga na ndizi zake, tafuta Vitz ya mwisho mwisho iliyotunzwa, au Toyota IST, usinione vibaya. Mjapani aliyechorewa gari hili mara nyingi yuko peke yake ndani, anakwenda kazini. Sisi gari dogo tunalipakia ukoo.

Tukija wiki ijayo nitakuwa na haibridi yenyewe. Ngoja sasa nichukue simu yangu, nimeiacha huku nyuma... ona, hata mkono unapita kwa shida.