Uzoefu wangu: kulipia matangazo mubashara ya ubingwa wa dunia wa snuka nikiwa Mombasa

Nyota nne kati ya tano. Iliyokatwa ni kwa ajili ya marudio, nitaifikia.

Huduma ni ya intaneti, ya kulipia. Unapata mashindano ya snuka (mchezo wa mipira ya rangi mezani) ya ukumbi wa Crucible, Sheffield, Uingereza, siku zote 17, na unachagua meza mwenyewe. Hadi robo fainali ukumbi una meza mbili zilizotenganishwa kwa ukuta wa muda, kisha nusu fainali inabaki meza moja. Kuweza kuhama meza ya kwanza kwenda ya pili pale mchezo mmoja unapopoa ndiko kunakonifanya nilipe.

Malipo yanapita vizuri kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay. Acha salio lizidi bei kidogo, maana kiwango cha kubadilisha pauni hakifanani na kile ulichokiona gazetini.

Saa zinawakosesha wengi. Novemba na Desemba tunaitangulia Uingereza kwa saa tatu, lakini Aprili wao wameshasogeza saa zao, kwa hiyo tofauti ni saa mbili. Mechi huchezwa kwa vipindi, na vya kawaida kwa saa za Mombasa ni saa sita mchana, saa kumi na nusu jioni na saa tatu usiku. Siku za fainali kipindi cha kwanza huanza saa tisa alasiri.

Sasa bando. Kwa ubora wa 480 hesabu kama MB 700 kwa saa, na kwa 720 karibu GB 1.5. Kipindi kimoja chaweza kuchukua saa tatu na zaidi, kwa hiyo asiye na waifai ya nyumbani ajipange. Baada ya fremu (mchezo mmoja ndani ya mechi) ya nne kuna mapumziko ya dakika 15. Funga kabisa programu, usiiache ikionyesha studio. Chini ya 480 sikushauri. Picha ikipungua hadi 240, mpira wa kahawia unafanana na nyekundu, na mchezaji anapopanga breki (kutia mipira mfululizo kwa zamu moja) hujui anaelekea wapi. Ukilazimika kutazama hivyo, shika nafasi zake: ukisimama upande wa kuanzia, kijani kiko kushoto, kahawia katikati, njano kulia. Ikishahama hapo, tegemea ubao wa pointi. Nyekundu tatu zikibaki mezani, kilichobaki ni 51, yaani 8 (nyekundu 1 na nyeusi 7) mara 3, ongeza 27 za rangi sita za mwisho. Aliyeachwa kwa zaidi ya hapo anatafuta faulo, na ndipo snuka za kweli (kumfichia mpinzani mpira anaotakiwa kuugonga) zinapoanza kuwekwa. Usizime hapo.

Usichague vipindi kwa kuangalia cha mwisho peke yake. Nusu fainali huwa na vipindi vinne, mshindi wa fremu 17 anapita. Mwaka 2025 Zhao Xintong na Ronnie O'Sullivan walimaliza kipindi cha kwanza 4-4. Cha pili Zhao akachukua fremu zote nane, ikawa 12-4, na cha tatu akamaliza 17-7. Cha nne hakikuchezwa. Aliyeweka bando lake kwa ajili ya hicho cha nne hakuona kitu. Fainali nayo, dhidi ya Mark Williams mwenye umri wa miaka 50, ilikuwa 17-8 kabla ya kipindi cha mwisho; Williams akapata nne mfululizo, Zhao akafunga 18-12, Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Ukisoma 18-12 tu hutajua kwamba kazi ilifanyika mapema. Kwangu vipindi vya pili na vya tatu ndivyo vyenye thamani kubwa. Raundi ya kwanza ni kinyume chake: ni vipindi viwili tu, wa kufika 10 anapita, na kipindi cha mwisho kinaweza kukaza kama Lei Peifan alipomtoa bingwa mtetezi Kyren Wilson 10-9.

Marudio sasa. Orodha inaandika matokeo kwenye kichwa cha video, na urefu wa video nao unafichua. Mechi ya fremu 19 ikiwa na video fupi, umeshajua mtu kapigwa vibaya. Aliyekosa usiku hana njia ya kutazama kesho yake bila kujua mshindi. Kwa huduma ya kulipia hili linaudhi, na dawa yake ni ndogo: wafiche matokeo.

Mashindano haya huangukia masika yetu. Stima ikikatika Nyali au Likoni, ruta inazimika hata kama simu ina chaji, kwa hiyo weka bando la akiba kwenye simu.

Kwa wanaocheza: usiige nguvu ya mkwaju unayoiona. Meza za mashindano hupashwa moto chini ya jiwe ili kitambaa kikae kikavu, mpira unateleza mbali. Kwa unyevu wa pwani meza zetu ni nzito, mkwaju uleule utakuacha nusu ya njia. Iga mpangilio wa breki, nguvu jipimie mwenyewe.

Mwisho wa fainali ingia kwenye akaunti uzime kujilipia upya. Kitufe kiko ndani ya mipangilio ya malipo, si kwenye ukurasa wa kwanza, na kuifuta programu kwenye simu hakusitishi makato.