Silikoni ya kuziba trekta ya umeme: inuse kwanza

Malalamiko ninayoletewa msimu huu wa mvua yamekuwa ya wimbo mmoja. Mtu kapata trekta ndogo ya umeme ya kukata nyasi, mtumba kutoka ng'ambo. Anaiegesha chini ya kibanda cha mabati, iwe Riat hapa Kisumu au Kakamega, kaifunga taa za LED na swichi mbili tatu, kisha fundi akaziba kisanduku cha umeme kwa silikoni. Maji kweli hayakuingia. Miezi michache baadaye trekta inagoma kuwaka, na kisanduku kikifunguliwa, vichwa vya waya vimeota kutu ya kijani. Wote wanalaumu mvua. Mimi nalaumu tyubu.

Silikoni nyingi za hadiwea, zile za vioo na matangi ya samaki, hutoa asidi ya siki zinapokauka. Ile harufu inayochoma pua ndiyo hiyo. Asidi hiyo hula shaba, hula risasi, hula hata zinki ya mabati. Dirishani haina neno, mvuke unajiendea zake. Ndani ya kisanduku chenye mfuniko umeufungia chumba kimoja na relei, zile swichi zinazoendeshwa na umeme. Tena silikoni hukauka taratibu, kama milimita mbili au tatu kwa siku, kwa kutegemea unyevu wa hewani. Donge nene analoliacha fundi pembeni linatoa siki siku nyingi baada ya yeye kulipwa na kuondoka.

Kwa hiyo ninapochagua tyubu naangalia inatoa nini ikikauka; mambo ya rangi na ya "inastahimili joto" nayaruka. Zote zinalistahimili joto la Kisumu.

Ya kwanza kwangu, na sifichi upendeleo, ni DOWSIL 738. Imetengenezwa kwa ajili ya vifaa vya umeme na haitoi asidi. Huku Kisumu sijawahi kuikuta rafuni. Naagiza Nairobi, inakuja na basi. Bei inauma, lakini kaulize bei ya kontrola ya volti 48, ile inayoongoza mota, kisha turudi tuongee.

Inayofuata ni Permatex Ultra Black, inayopatikana kwenye maduka ya spea za magari. Ni ya gasketi za injini, haiogopi oili, na haina siki. Naitumia kwa nje: ukingo wa mfuniko, viungo vya kebo, mashimo ya skrubu za taa.

Ya tatu ni silikoni ya dirisha iliyoandikwa "neutral" kwenye tyubu, yaani isiyo ya siki. Hapa pana mtego kidogo. Baadhi ya hizi hutoa kemikali iitwayo oksimu, nayo pia si rafiki sana wa shaba ikifungiwa mahali padogo. Ultra Black ni ya ukoo huohuo, ndiyo maana nimesema kwa nje. Iweke mbali na vichwa vya waya na uache mfuniko wazi siku mbili.

Sikaflex ni gundi, tena kali. Shikilia nayo kipande cha kubebea taa, ila ukiipaka kwenye mfuniko utakuja kuufungua kwa patasi. Tepu nyeusi ya barabarani jua linaivua. Basi.

Hata ukinunua ipi, usizibe kila tundu. Kisanduku kinapata moto mchana kutwa, jioni mvua ya ziwani inakipoza ghafla, hewa ya ndani inanywea na kuvuta unyevu kupitia ufa wowote. Acha kitundu chini kabisa maji yatoke, na kebo ziingilie chini, zikiwa zimelegezwa ziteremke kidogo kabla ya kupanda, ili tone lidondoke badala ya kufuata waya. Sehemu ya betri za asidi usiizibe kamwe: zikichajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikijikusanya inalipuka kwa cheche moja tu.

Sasa wauzaji. Uliza kama tyubu ni ya siki, utajibiwa, "Kastoma, hii ni orijino." Uliza tena, utaambiwa ndiyo inayonunuliwa na mafundi wote. Mwanamke mwenye mkoba hutajiwa bei yake, fundi mwenye ovaroli yake. Na kuna huu mchezo wa kubandika stika ya bei juu ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Silikoni iliyopitwa na wakati inabaki kunata kama ubani uliotafunwa, haikauki hata ukiisubiri hadi Krismasi.

Kama huna hakika na uliyonunua, chuna kipande cha waya wa shaba, kipake tone, ukifungie kwenye chupa ya jemu wiki moja. Kikigeuka kijani, tyubu hiyo ni ya dirisha la choo. Na pale dukani, omba stika ibanduliwe kabla hujatoa pesa. Akikataa, duka la pili haliko mbali.