Seti ya mbao za kufundishia kutoka karakana ya Chake Chake: tathmini ya mwalimu wa darasa maalumu

Nafundisha darasa maalumu katika skuli moja ya msingi wilaya ya Wete, Pemba. Wanafunzi wangu ni 11, wote wana ulemavu wa akili kwa viwango tofauti, mdogo wao ana miaka 7 na mkubwa ana 16. Kwa orodha tuko walimu wawili, lakini siku nyingi huwa peke yangu, kwa sababu mwenzangu huitwa kuziba pengo la madarasa mengine. Natanguliza hesabu hiyo kwa kuwa ndiyo iliyoniongoza kukipima kifaa ninachokieleza hapa. Ninapokaa na mtoto mmoja nikauongoza mkono wake, wengine 10 hawana mwalimu. Kwa hiyo kila kifaa cha kufundishia nakiuliza swali moja tu: nikiuondoa mkono wangu, mtoto ataendelea?

Seti yenyewe ina vitu vinne: ubao wa maumbo, sinia la kuchambulia, ubao wa vifungo na ubao wa fedha. Imetengenezwa kwa mbao za mfenesi na mwembe na fundi seremala mwenye karakana yake Chake Chake, ambaye riziki yake ya kila siku ni vitanda na fremu za milango. Bei ni shilingi 85,000 kwa vyote vinne. Sehemu ya fedha ilitoka katika mchango wa wazazi na iliyobaki niliitoa mfukoni mwangu, kwa hiyo sina deni la fadhila kwa mtu.

Kabla ya hapo tulikuwa na seti ya plastiki iliyonunuliwa katika duka moja la mjini Unguja. Sitaizungumza sana. Vipande vyake vilikuwa vyepesi mno, vikiteleza mezani kila vikiguswa, na kadi zake za herufi zilikuwa na Q na X, ambazo mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili hana pa kuzitumia.

Ubao wa maumbo ndio bora kuliko vyote, na ndio nitakaoueleza kwa urefu. Ni ubao wenye matundu 8 na vipande 8 vya kujaza matundu hayo: duara, mraba, pembetatu, mstatili, nyota na vinginevyo. Wazo lake si geni. Daktari Mfaransa Édouard Séguin, aliyefundisha watoto wenye ulemavu wa akili katika karne ya 19 kabla ya kuhamia Marekani, alitumia mbao za namna hii, na Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alijifunza kutoka katika maandishi yake kabla ya kufungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Fundi wangu hajapata kuwasikia wote wawili. Nilimchorea nilichotaka kwenye karatasi ya daftari, na ubao wa kwanza alioniletea ulikuwa mzuri wa kutazama, isipokuwa nyota yake ilikuwa ndogo kiasi cha kutumbukia ndani ya tundu la duara.

Nilipomwonyesha kasoro hiyo alishangaa. “Mwalimu, si imeingia? Unataka isiingie?” Nikamjibu kwamba ndivyo hasa ninavyotaka. Nyota ikikataa kuingia katika tundu la duara, mtoto ameambiwa na ubao wenyewe kwamba hapo sipo. Haambiwi na sauti yangu, wala hatazami uso wangu kujua kama nimekasirika. Wengi wa wanafunzi wangu wameshazoea kukosolewa tangu asubuhi hadi usiku, nyumbani na njiani, hata wamejifunza kuacha kazi na kumngoja mkubwa awafanyie. Ubao hauna hasira, na haukosoi mbele za watu. Fundi aliniomba aje darasani aone, akakaa kwenye kirago saa nzima bila ya kusema neno, kisha akarudi kuikata nyota upya. Tangu siku hiyo hakuna kipande kinachoingia pasipo mahali pake.

Jambo la pili lililonipendeza ni vishikizo. Kila kipande kina kishikizo kinene cha mviringo, cha kushikwa kwa vidole vitatu. Nina wanafunzi wawili wenye sindromu ya Down, na watoto wa hali hiyo kwa kawaida huwa na misuli legevu na vidole vifupi. Kipande bapa cha plastiki kwao ni tabu kukiinua, achilia mbali kukigeuza. Kishikizo hicho pia kinauzoesha mkono namna ya kushika penseli. Mmoja wao sasa humaliza ubao mzima akiwa peke yake, huku mimi nikiwa upande wa pili wa darasa. Aliwahi kuja mzazi akamkuta mwanawe katika kazi hiyo, akauliza kwa nini anacheza ilhali wenzake wanaandika. Nilimwomba akae ahesabu dakika. Zilifika 9 bila ya mtoto kuinuka, mtoto ambaye nyumbani, kwa maneno ya mama yake mwenyewe, hatulii hata kwa kula.

Sinia la kuchambulia lina vyumba vitatu na vipande vya rangi tatu vya kutenganisha. Hapa lazima niseme kwamba watoto wa Pemba hawahitaji kufundishwa maana ya kuchambua, kwa sababu msimu wa karafuu ukifika kila nyumba huketi kuzitenganisha karafuu na makonyo, yaani vijiti vinavyozishika. Baada ya wiki chache niliviweka pembeni vile vipande vya rangi nikawapa karafuu zenyewe pamoja na makonyo yake, na sinia likafanya kazi ileile kwa uzuri zaidi. Kijana wangu wa miaka 16 sasa anachambua na bibi yake barazani. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, kukichukua alichojifunza mezani na kukitumia mahali pengine ndio mlima mkubwa, na kifaa kinachokubali vitu vya nyumbani kinaupunguza mlima huo.

Ubao wa vifungo una kitambaa kizito kilichogawanyika katikati, chenye vifungo vikubwa vitano upande mmoja na zipu upande mwingine. Kazi ya ushoni ni imara. Tatizo ni kwamba ukiwa mezani unamtazama mtoto, na kifungo cha shati lake kinatazama nje; kwetu sisi tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa baadhi yao ni kama kazi mpya kabisa. Nilitoboa pembe za juu nikapitisha utambi, tukawa tunaufunga kifuani kama kibwebwe kilichopanda juu, na hapo ndipo ulipoanza kufaa. Nafundisha kwa kuanzia mwisho: navifunga vifungo vinne, cha tano nakipitisha nusu, mtoto anakivuta tu, akishakiweza namwachia na cha nne. Ningependa fundi autengeneze ukiwa na kamba zake tangu mwanzo.

Ubao wa fedha sikuridhika nao. Una matundu ya sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500, na mwanafunzi hutumia sarafu halisi, jambo ambalo naliunga mkono kabisa, kwani fedha za bandia huishia darasani. Lakini imerudi kasoro ileile ya nyota. Sarafu ya 500 haiwezi kuingia katika tundu la 50, ilhali ya 50 inalala raha mustarehe katika tundu la 500, na mtoto huenda mbele akidhani amepatia. Kosa hujitokeza mwishoni, pale sarafu kubwa inapobaki mkononi haina pa kwenda, na kufikia hapo ameshasahau alianzia wapi. Nyota tuliweza kuikuza. Sarafu ya 50 imeshakatwa na Benki Kuu. Njia niliyoipata ni kumpa mtoto sarafu moja moja kuanzia iliyo kubwa, lakini hapo mkono wangu umerudi palepale nilipotaka kuutoa.

Kuna mambo mawili ya usalama ambayo mnunuzi asiyapuuze. Kishikizo kimoja kiling'oka katika mwezi wa kwanza na nikakikuta mdomoni mwa mtoto. Ilibainika kwamba kilikuwa kimebandikwa kwa gundi peke yake. Fundi alivichukua vyote akavipitishia chango, yaani vijiti vya mbao vya kushikiza, na tangu hapo havijatikisika. Nasisitiza kila mtu avivute kwa nguvu zote kabla ya kulipa. Vilevile nilikataa rangi ya mafuta kwa sababu watoto wangu kadhaa hulamba vitu, hivyo ubao wa maumbo ulipakwa mafuta ya nazi matupu. Ni salama, ila baada ya miezi miwili unanuka mafuta yaliyochacha na inabidi uoshwe na kuanikwa.

Masika nayo ilitupa somo. Vipande vya mwembe vilivimba, vinne vikang'ang'ania katika matundu yao hata mimi nikashindwa kuvitoa. Vya mfenesi vilibaki vilevile. Anayeagiza aseme wazi kwamba anataka mfenesi kwa vyote, hata kama ataongezewa bei.

Kuhusu huduma, fundi ni mtu wa maneno mazuri na tarehe mbaya. Wiki mbili alizoniahidi zilifika saba, na kila nilipopiga simu nilijibiwa “Jumaatatu, inshaallah.” Kwa upande mwingine, matengenezo yote niliyoyataja aliyafanya bila ya kudai hata shilingi, na michoro yangu ameihifadhi, kwa hiyo seti ya pili ya skuli jirani aliimaliza kwa wiki tatu.

Kwa sasa anakubali kuuza vitu vitatu vya mwanzo kwa shilingi 65,000, na hivyo ndivyo ninavyowashauri walimu wenzangu wanunue. Ubao wa fedha nimemrudishia. Anajaribu kutengeneza vibao vidogo vinne, kila sarafu na kibao chake, tuanze na cha 50 ambacho kinazikataa sarafu nyingine zote. Cha 500, ambacho kinaipokea kila sarafu, bado hatujajua tukifanye nini.